Sumaku Imenikataa

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa tumbo ameniambia niandike. Kila siku, alisema, andika amekula nini, ameumwa wapi, ametapika au hakutapika, halafu uniletee. Mimi ni mchomeleaji. Mara ya mwisho kuandika kitu kirefu kuliko vipimo vya dirisha nilikuwa kwenye mtihani wa shule, na nilifeli. Lakini nimeambiwa, basi naandika. Tatizo langu ni kwamba nikishaanza kusema sijui kunyamaza, kwa hiyo daktari atanisamehe akikuta humu mambo ambayo hakuyauliza.

Mgonjwa ni binti yangu, ana miaka kumi na tisa. Mtaa mzima unamwita Cheche, maana alijifunza kutembea katikati ya cheche za karakana yangu na hakuwahi kuziogopa. Siku hizi ndiye anayechora. Mteja akitaka geti lenye maua, Cheche analichora kwa chaki sakafuni, mimi napinda vyuma kufuata mistari yake. Hasikii. Surua ilimchukulia masikio akiwa na miaka miwili. Tunaongea kwa mikono: nusu ni lugha ya alama aliyoipata shuleni, nusu ni yetu ya nyumbani, na hiyo hakuna shule ya kukufundisha. Mimi ni vidole vya mviringo machoni, yaani miwani ya kazi. Bibi yake ni mikono kiunoni. Marehemu mama yake ni ncha ya sikio, pale ilipokuwa hereni.

Utumbo wake unapigwa na mwili wake mwenyewe. Ndivyo daktari alivyonieleza: kinga ya mwili imechanganyikiwa, inauona utumbo ni adui, inauvimbisha na kuutia vidonda. Sasa kuna mahali pamebana, chakula kinapita kwa taabu. Kamera waliyomuingizia ilifika hapo ikakwama. Swali ni moja tu, na daktari alilirudia ili nilishike: pale palipobana ni uvimbe wa moto au ni kovu? Kama ni uvimbe, dawa zipo. Kama ni kovu, dawa hazifui dafu, ni kisu.

Atapigwa picha ya MRI. Daktari anasema haina mionzi, ni sumaku kubwa tu, na inaona mpaka ndani ya ukuta wa utumbo pale kamera isipofika. Tumepewa tarehe 14.

Leo amekula uji nusu bakuli. Maumivu kulia, chini, baada ya kula. Mvua ya kwanza imenyesha. Ikipiga lile bati la karakana mafundi wote tunaongea kwa mikono, na Cheche anatucheka jinsi tusivyojua.

Jumanne, 5 Machi

Uji. Ndizi moja. Hakutapika. Mvua.

Ijumaa, 8 Machi

Siwezi kumweleza daktari hali ya nyumba hii bila kumtaja mama mkwe. Anaishi nasi tangu mke wangu afariki, miaka kumi na mitatu sasa. Mkwe ni mkwe, haambiwi neno, ndiyo maana nasemea humu. Huyu mama anampigia kelele mtoto asiyesikia! Anasimama nyuma yake, "Wewe, kula! Nimesema kula!" halafu ananigeukia mimi kulalamika kwamba mtoto ana kiburi. Alama hajajifunza hata kumi.

Asubuhi nilimwamkia, akaitikia, halafu akaniuliza hiyo picha ni ya nini. Nikamweleza kama nilivyoelezwa.

"Kwa hiyo ikionyesha kovu, anapasuliwa."

"Mama, hakuna aliyetaja kupasua. Ni picha tu."

"Picha ndiyo inayomwita kisu, Baba Cheche. Kisu kilishakula kwangu mara moja. Hakitakula tena nikiwa hai."

Najua anachosema. Mke wangu aliingia kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Upasuaji mdogo, walituambia, kesho kutwa mtakuwa naye nyumbani. Hakuamka. Tangu siku ile mama mkwe hajavuka geti la hospitali yoyote. Mwaka jana Cheche alipolazwa, alikaa nje ya uzio na mwavuli wake na chupa ya uji, akawa anatuma watu.

Jumapili, 10 Machi

Karakana tumefunga, tumefanya mazoezi. Ndani ya mashine Cheche atalala kifudifudi, na kila baada ya muda anatakiwa azuie pumzi ili tumbo litulie, la sivyo picha inatikisika. Wengine wanaambiwa kwa kipaza sauti. Yeye ataambiwaje? Basi wamesema niingie naye: mpiga picha atainua mkono kwenye kioo, mimi nitamminya mguu, yeye atazuia. Nikiachia, anapumua. Tulijaribu kitandani mpaka akashindwa kwa kucheka, ana mtekenyo tangu utotoni. Mama mkwe alisimama mlangoni mikono kiunoni, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Wali vijiko vitatu. Maumivu kidogo.

Jumatano, 13 Machi

Amefunga kula kama tulivyoagizwa. Anasema kufunga hakumsumbui, kula ndiko kunamsumbua.

Alhamisi, 14 Machi

Sumaku imenikataa.

Naandika polepole, maana nikiandika haraka nitachana karatasi. Tulifika asubuhi na mvua yetu. Kwanza kuna maji ya kunywa, matamu, yana dawa, lita moja na nusu, kidogo kidogo, ili utumbo ujae na kuta zake zionekane vizuri. Mtu ambaye kikombe cha chai kinamkunja tumbo unampa lita moja na nusu! Akanywa. Kila kikombe alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekikoroga. Mama mkwe alikuwa nje ya geti, kama kawaida yake.

Amebakiza kikombe kimoja, mpiga picha akaja. Bwana mrefu, sauti ya chini, mtu wa adabu. Akaniuliza kama nina kifaa chochote moyoni, mfupani, popote mwilini. Nikasema sina.

"Kazi yako ni nini, mzee wangu?"

"Mchomeleaji."

Akasita. "Umewahi kuingiwa na chuma jichoni?"

Nikacheka. "Ndugu yangu, muulize mpishi kama amewahi kuungua."

Yeye hakucheka. Akanipeleka nipigwe eksirei ya macho, na aliporudi alikuja na sura ya mtu aliyeleta habari ya msiba. Akanionyesha. Nyuma ya jicho langu la kushoto kuna nukta nyeupe, ndogo kama punje ya mchanga. Sikujua kama ninayo. Imekaa humo miaka mingapi, Mungu ndiye ajuaye, haijawahi kuniuma.

"Huwezi kuingia. Sumaku ikiivuta hiyo, jicho linaweza kufa hapo hapo."

"Basi life. Ninalo lingine."

"Mzee, siwezi."

"Si jicho langu? Nimekuruhusu mimi mwenyewe!"

"Siwezi, mzee wangu. Nisamehe."

Ukimtukana mtu anayekuomba msamaha unajisikia mpumbavu, kwa hiyo hata matusi yalinikwama. Tukamwomba muuguzi. Yuko mmoja, sindano ni zake, foleni ni yake, na huko nje kulikuwa na mtu anatapika. Huku maji yanazidi kushuka tumboni mwa Cheche, na yakishapita ni kazi bure. Nikamweleza kwa mikono: chuma, jicho, mlango, hapana. Kwanza alidhani natania. Alipoona sitanii akafikiri kidogo, akaniambia: mashine ikitetemeka nitajua, nitazuia. Akaingia peke yake.

Kuna mstari wa njano sakafuni, mbele ya mlango. Nilisimama nyuma yake. Nilisikia ile mashine ikigonga ukutani, ikanyamaza, ikagonga tena. Mimi nasikia kila kitu na siwezi kumwambia chochote, na yeye yuko ndani hasikii lolote. Kumbe inatetemeka karibu muda wote. Mtoto alikuwa anazuia pumzi mpaka anakaribia kuzimia. Walipomtoa alikuwa ameloa jasho na midomo imebadilika rangi.

"Zimetikisika zote," mpiga picha akasema. "Daktari hataona kitu. Itabidi arudie."

Cheche akikasirika hapigi kelele wala haondoki. Anafumba macho. Akishafumba macho, huna namna ya kumwambia neno. Aliyafumba kwenye teksi, akafika nayo nyumbani, akalala nayo. Hajala.

Ijumaa, 15 Machi

Macho bado yamefumbwa.

Jumamosi, 16 Machi

Ameyafumbua kwa bibi yake kwanza. Nimeona wivu, na ndivyo ilivyo, naandika.

Jumatatu, 18 Machi

Daktari amempa vidonge vya kupunguza uvimbe wakati tunasubiri. Nikamuuliza, kama ni kovu vitasaidia? Akasema, kama ni kovu havitasaidia, lakini hatujui. Tarehe mpya ni 28. Nimeuliza kama naweza kutolewa hiyo punje jichoni. Daktari wa macho amesema ilipokaa ni pabaya, kuichokoa ni hatari kuliko kuiacha.

Yaani nimetembea na adui nyuma ya jicho, siku mtoto wangu anayonihitaji ndiyo anajitokeza.

Jumatatu, 25 Machi

Uso wake umekuwa mviringo kwa sababu ya vidonge. Mwili uliobaki umekwisha. Msumari, mwenzangu wa karakana, amenipa ushauri wake wa bure: "Ungesema wewe ni mwalimu, ungeingia. Nani angekuuliza?" Nimemwambia anyamaze. Nimewaza maneno yake siku nzima.

Hakutapika. Maumivu makali baada ya supu.

Alhamisi, 28 Machi

Tumefika, mashine imezimika. Usiku kulipiga radi, umeme ukakatika, mtambo wa kuipoza ukaharibika, na bila kupozwa haiwashwi. Fundi anatoka mbali. Mpiga picha alikuwa akiwaeleza watu mmoja mmoja, na kila mmoja alimgombeza yeye. Alipofika kwetu nikamwambia pole.

Angalau Cheche alikuwa hajaanza kunywa yale maji.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nimeona mwisho wangu.

Alianza kutapika baada ya uji wa asubuhi, mara matapishi yakawa ya kijani. Tumbo likajaa likawa gumu, unaliona kabisa utumbo ukisukuma pale chini ya ngozi na kushindwa. Alijikunja sakafuni karibu na mlango. Hakutoa sauti nyingi, yeye hajawahi kuwa na sauti nyingi, ila mkono wake mmoja ulikuwa ukisema neno lile lile, tosha, tosha, tosha, bila hata kunitazama. Sikujua anamwambia nani.

Hospitali wakamwekea mpira puani, maji ya mshipani, ikapoa. Jioni alilala. Mimi napinda nondo, nanyanyua geti ambalo vijana wawili wanaliogopa. Leo nilishika beseni. Basi. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa mtoto wangu siku nzima, kushika beseni.

Daktari alipita akasimama kitandani. "Tunahitaji hiyo picha," akasema. Kana kwamba mimi ndiye niliyeificha.

Mama mkwe alikuwa nje ya uzio mpaka giza lilipoingia. Mwavuli umevunjika mbavu mbili. Nilimwambia mama, nenda nyumbani, utaugua. Akaniambia nisimfundishe pa kukaa.

Alhamisi, 4 Aprili

Amerudi nyumbani. Vimiminika tu. Mvua haikati.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilikuwa naweka mkaa, mama mkwe akaja akasimama nyuma yangu.

"Baba Cheche, hiyo kazi ya kuminya mguu inahitaji elimu gani?"

Nikageuka. "Mama?"

"Nimeuliza. Inahitaji cheti?"

"Haihitaji, mama. Lakini ni ndani. Ndani kabisa, nyuma ya geti, nyuma ya milango mitatu."

"Sijasema sijui mlango."

Sikuamini, na nitasema ukweli, sikutaka. Huyu mama anaogopa hospitali kama mtoto anavyoogopa sindano. Nikatuona tumefika mpaka mlangoni, maji yameshanywewa, halafu yeye anageuza. Nikamwambia tutafute jirani. Cheche, aliyekuwa akitazama midomo yetu, akakataa jirani. Akaweka mikono kiunoni: bibi.

Tukaanza mazoezi. Mimi mlangoni nainua mkono, mama mkwe miguuni, Cheche kifudifudi. Ee bwana we! Anaminya kama anakamua nguo nzito. Cheche akaruka kitandani. Mara anachelewa, mara anaminya kabla sijainua, mara anasahau kuachia, mtoto anageuka bluu huku bibi anamwambia kwa sauti, "Pumua sasa, mbona hupumui?"

"Mama, hasikii! Achia mguu!"

"Najua hasikii! Nani amemlea?"

Cheche alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Hata hivyo alicheka, na nilikuwa sijaona meno yake tangu mwezi uliopita.

Jumatano, 10 Aprili

Mazoezi asubuhi na jioni. Hachelewi tena. Anajifunza na alama. Jana alimuuliza Cheche kwa mikono kama anataka maji, akakosea, akamuuliza kama anataka moto. Cheche akamrekebisha kidole kimoja kimoja.

Mashine imepona. Tarehe 18.

Jumanne, 16 Aprili

Mama mkwe ana bangili ya chuma mkono wa kushoto. Marehemu baba mkwe alimvisha akiwa msichana. Mkono ukanenepa, bangili ikabaki humo, haipiti kiganja hata kwa sabuni wala mafuta. Tulijaribu vyote. Mpiga picha nilimpigia simu akasema kama ni chuma, haiingii, iwe ndogo au kubwa.

Mama mkwe akaja karakana mwenyewe. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akaweka mkono juu ya meza yenye jiliwa, ile ya kubania vyuma. "Kata."

Katika miaka yote hii mkono wa mama mkwe wangu nimeushika kwa salamu tu. Nikaingiza kitambaa kilicholowa kati ya bangili na ngozi, na kipande cha bati juu ya kitambaa. Mashine ya kukatia sikuthubutu, nikachukua msumeno wa mkono. Msumari akazima redio. Nimekata vyuma tangu nikiwa kijana, leo nilivuta msumeno polepole kama mwanafunzi.

"Baba Cheche, unakata chuma au unakibembeleza?"

"Naogopa kukuumiza, mama."

"Nimeshaumia kabla yako. Kata."

Ilipoachia, nikaipanua kwa koleo ikatoka. Chini yake ngozi ilikuwa laini na nyeupe kama ya mtoto. Aliitazama kwa muda. Nikamwambia nitaiunganisha tena vizuri, hata alama haitaonekana. Akasema tutaona, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kupika.

Nimemsema vibaya sana huyu mama humu ndani. Sifuti, lakini naona haya.

Alhamisi, 18 Aprili

Getini alisimama.

Mvua ya manyunyu, watu wanatupita. Cheche amemshika bibi yake mkono, mimi nimebeba mkoba. Nikajua basi, hapa ndipo anapogeuza. Midomo yake ilikuwa ikienda, sijui ni dua au ni mke wangu alikuwa akiongea naye. Halafu akakunja mwavuli, akasema, "Twendeni, mnangoja nini?" kana kwamba sisi ndio tuliomchelewesha.

Cheche akanywa maji yake. Bibi akamhesabia vikombe kwa vidole. Akaulizwa maswali yote, hana chuma popote. Wakamvisha joho la hospitali, wakamziba masikio, na mpiga picha akamwonyesha pa kusimama na pa kutazama. Cheche akachomwa sindano ya kutuliza utumbo usichezecheze, akawekewa na njia ya mshipani kwa ajili ya dawa ya kung'arisha picha. Kisha mlango ukafungwa, na mimi nikarudi kwenye mstari wangu wa njano.

Mlango wa chumba cha mpiga picha ulikuwa wazi nusu. Nilimwona mgongo tu. Anainua mkono, mashine inagonga, anashusha. Anainua, inagonga, anashusha. Kila alipoinua nilizuia pumzi. Sikufanya makusudi. Mwisho nikapata kizunguzungu, mlinzi akaniuliza kama mimi ndiye mgonjwa.

Walipotoka, mpiga picha akanyoosha dole gumba. "Safi. Nimepata kila kitu. Huyu bibi angefaa kuajiriwa."

Mama mkwe alimpita. Alikaa kwenye benchi, akavua vile vizibo vya masikio. "Mguu wa mtoto wa baridi," akaniambia. "Unamlisha nini?"

Ijumaa, 19 Aprili

Tunasubiri majibu. Uji. Maumivu.

Jumapili, 21 Aprili

Tunasubiri. Mama mkwe anasema kama ni uvimbe wa moto atafunga siku tatu za shukrani. Sikumuuliza kama ni kovu atafanya nini.

Jumanne, 23 Aprili

Kutapika mara moja. Mvua imepungua, asubuhi kulikuwa na jua.

Alhamisi, 25 Aprili

Tuliingia wote watatu. Daktari akageuza kompyuta tuone. Utumbo wa binti yangu, wa rangi ya kijivu, umejikunja kama kamba iliyotupwa. Akaweka kalamu yake mahali.

"Hapa ndipo palipobana. Ungekuwa uvimbe wa moto, ukuta ungekuwa na majimaji ndani yake, na ile dawa tuliyomchoma ingewaka hapa mapema. Haikuwaka hivyo. Na huku nyuma utumbo umetanuka, maana yake umesukuma kwa muda mrefu."

"Ni kovu," nikasema.

"Sehemu kubwa ni kovu. Nasikitika. Kile kipande lazima kitolewe, na tusichelewe."

"Na vile vidonge vilivyomvimbisha uso?"

Hakuangalia pembeni. "Tulikuwa tunabahatisha, baba. Hatukuwa na picha."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Cheche alikuwa akitutazama mmoja mmoja, usoni, akisubiri. Mimi ndiye mdomo wake. Miaka yote, dukani, shuleni, mbele ya wachumba wawili waliokuja na kuondoka, mimi ndiye ninayemwambia watu wamesema nini. Nikajaribu kuinua mikono ikabaki mapajani. Nilikuwa nafikiria neno jingine. Dawa. Kipimo kingine. Subiri kidogo. Yote nilikuwa nayajua kwa alama, na angeniamini.

Mama mkwe akasogeza kiti mbele ya mjukuu wake. Akagusa tumbo lake mwenyewe, lile la kwake, upande wa kulia chini. Akapitisha ubavu wa kiganja, akakata. Halafu akafanya alama ya lazima, alama sahihi kabisa, sijui aliipata lini. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi.

Cheche alimtazama kwa muda mrefu. Nilijua atafumba macho. Hakufumba. Akanyoosha mkono, akachomoa kalamu kwenye vidole vya daktari, akaandika kwenye karatasi ya mezani: Lini?

Nje akaniuliza kwa nini sikumwambia mimi. Nikamwambia mikono ilikuwa mizito. Akasema ya bibi ni mizito zaidi.

Jumatano, 1 Mei

Mama mkwe hali chakula. Anapika, anapakua, anakaa. Nimemwambia mama, ukianguka wewe nitawabeba wangapi? Akala vijiko viwili mbele yangu ili nimwache.

Jumapili, 5 Mei

Jua kali. Matope ya barabarani yamekauka yamepasuka. Cheche amechora geti jipya sakafuni, akiwa amekaa, anajisogeza kwa makalio. Mteja hana haraka.

Jumanne, 7 Mei

Wameniruhusu kupita mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, kwa sababu lazima mtu amweleze kuhusu usingizi na kinyago. Mama mkwe amekaa kwenye benchi, upande huu wa mlango wa kwanza. Ameingia geti bila kusimama.

Nilimweleza Cheche yote. Watakuwekea hiki usoni, utalala, utaamka una kidonda hapa, usikiguse. Akaitikia kila neno. Muuguzi akaniambia dakika moja, mzee. Cheche akagusa ncha ya sikio.

Mama aliogopa?

Ningeweza kusema hapana. Nikamwambia aliogopa. Alikuwa anacheka na wauguzi, lakini mkono wake ulikuwa unanibana.

Akafikiri. Mimi pia naogopa, akasema, ila kucheka siwezi.

Nikaanza kumjibu. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri. Wakaachia breki za kitanda. Alikuwa chali, kichwa kimeelekea mlangoni, na wale wawili waliokuwa wakisukuma wakasimama kati yetu. Mikono yangu ilikuwa bado hewani inaongea, nikainyanyua juu zaidi, nikasogea kulia, nikasogea kushoto, yeye anatazama dari. Mlango ukajifunga.

Nikamwita. Kwa sauti. Mwanaume mzima, nikapaza sauti kuita jina lake, jina lake la kweli ambalo siliiti kamwe, maana jina hilo halina kazi kwake. Nikaliita tena. Ukumbi wote ukageuka kunitazama, wagonjwa, wauguzi, mtu aliyekuwa akipiga deki, na mlango haukutikisika.

Sijui nilirudije kwenye benchi. Mama mkwe alinishika mkono, akanivuta.

"Kaa, mwanangu."

Nikakaa. Naandika haya hapa hapa. Bado hajatoka mtu.